Udongo wa Pwani Kwenye Kitalu cha Misindano

Wajukuu zangu, na ninyi vijana mnaouza miche pembeni mwa barabara kuu pale Same, naanza kwa kuwaomba jambo moja. Acheni kuing'oa miche ili kuitazama mizizi. Juzi mmoja wenu kanisogezea simu nitazame picha. Mche wa msindano, ule msonobari wa majani kama sindano, manjano tupu, umeng'olewa na kulazwa juu ya gazeti. "Bibi, huu una tatizo gani?" Nikamwambia tatizo la kwanza ni kwamba umeng'olewa. Akacheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu nikiona manjano ile moyo wangu bado unakwenda mbio.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Wenzangu walistaafu na maumivu ya mgongo, mimi nimestaafu na mgongo na wasiwasi vyote pamoja. Kazi ya kitalu inamfaa mtu wa namna hiyo. Mtu mwenye moyo mtulivu humwagilia akaenda zake. Mwenye wasiwasi hurudi tena kuangalia kama kivuli kimefunika vizuri, kama panya hajachimba, kama kuku wa jirani hajapata mwanya. Miche yangu iliishi kwa sababu nilikuwa silali. Lakini upo mwaka ambao wasiwasi wangu haukusaidia kitu, na ndio nataka kuwasimulia, kwa kuwa mmekuwa mkiniuliza nilijuaje habari za kuvu wanaoishi mizizini.

Niliajiriwa kwenye kitalu cha kijiji cha Mamba, huku milimani Upare, nikiwa bi harusi bado, Uhuru ukiwa mchanga. Viriba vya plastiki mnavyovinunua leo kwa kilo hatukuwa navyo. Tulikunja magamba makavu ya mgomba, tukayafunga kwa kamba ya mgomba huohuo, tukajaza udongo. Ukifunga vibaya, chombo kinafumuka siku ya kubeba miche, na mizizi inabaki uchi juani. Nilifumua vingi. Aliyenifundisha kufunga vizuri alikuwa mnyapara wetu, Mzee Saidi.

Saidi alikuwa mtu wa Pangani. Alikuja bara kabla ya Uhuru kukata mkonge kwenye mashamba ya huko chini tambarare, akachoka na joto na miiba, akapanda milimani kutafuta kazi ya baridi. Alikuwa Mwislamu peke yake katika kijiji cha Walutheri, na tulimtania kila siku. Akipewa makande, mahindi yetu na maharage, alikuwa akiuliza, "Na nazi mmeificha wapi?" Nasi tunamjibu nazi imebaki Pangani, akaifuate. Alikuwa na mke, Bi Mwanaidi, ambaye alifariki mwaka wangu wa pili kazini. Hakumrudisha kwao. Alimzika kwenye kipande cha ardhi nyuma ya kitalu, kijiji kikaridhia, na juu ya kaburi akapanda mvinje. Nayasema haya mapema ili mwelewe kwamba Saidi hakuwa mpita njia. Alikuwa amekusudia naye azikwe palepale.

Sasa, habari ya mvinje. Mnaujua, ule mti wa ufukweni wenye majani kama nywele. Serikali ilitaka tuoteshe mivinje kwa ajili ya kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa tambarare, ikazuie upepo na vumbi. Tulipanda mbegu, ikaota, ikafika urefu wa kidole na kugoma. Saidi akaomba ruhusa, akapanda basi hadi Pangani, akarudi na gunia la udongo alilochota chini ya mivinje mikubwa ya kwao. Akachukua konzi moja kwa kila mche, akafukia karibu na shina. Haukupita muda mrefu, mivinje ikaanza kukimbia.

Nilimwuliza siri yake. Akaniambia, "Binti, mti ni kama mgeni. Ukimleta peke yake, bila mtu wa kwao hata mmoja wa kuzungumza naye, anakonda." Hakujua zaidi ya hapo. Alijua kwamba udongo unafanya kazi, ila kitu gani ndani ya udongo, hakujua, na wala hakujifanya anajua.

Aliyejua alikuwa Bwana Miti. Ndivyo tulivyomwita ofisa wa misitu. Jina lake Elineema, kijana wa Ugweno, ametoka chuoni siku si nyingi, ana kioo cha kukuzia anachokitembeza mfukoni kama wengine wanavyotembeza tumbaku. Alitushikisha kioo kile tutazame mizizi ya mvinje. Akatuonyesha vinundu, akasema humo wanakaa vijidudu vya namna moja. Kisha akatuonyesha utando mwembamba mweupe, akasema hao ni kuvu, ni namna nyingine kabisa. Wengine huvisha ncha ya mzizi nje kama soksi. Wengine huingia ndani ya mzizi wenyewe na huwaoni kwa kioo wala kwa macho, lakini wamo. Wamo kwenye mahindi, wamo kwenye migomba, kahawa, hata tangawizi mnayojivunia leo. Kuvu huenda mbali kwenye udongo kutafuta chakula na maji, anauletea mti, na mti nao unamlipa sukari. Nilirudi nyumbani nikatazama mahindi yangu kwa hofu mpya. Nilidhani nalima peke yangu, kumbe chini kuna umati.

Basi ikaja amri ya misindano. Mteremko ulio juu ya kijiji ulikuwa umebaki kipara, na kila masika udongo ulishuka hadi mlangoni kwa watu. Kijiji kikakubaliana utapandwa misindano, na mwenyekiti wa kijiji akatangaza hadharani kwamba mvua za masika zikianza, kila kaya itatoka kupanda. Mbegu zikaja. Zikaota vizuri mno. Zilipofika kimo cha kidole, zikasimama. Kisha zikaanza kuwa manjano, tuta baada ya tuta, na ncha zikageuka rangi ya zambarau.

Saidi hakuhangaika. Gunia lake la pwani lilikuwa bado na udongo. Alifanya kama alivyofanya kwenye mivinje, konzi kwa kila mche, asubuhi peupe, watu wakipita njiani kwenda shamba na kumwona. Iliingia akilini mwake na mwetu pia, hata Bwana Miti aliitikia kwa kichwa. Tulisahau kwamba kama miti ilivyo ya namna nyingi, na kuvu ni wa namna nyingi, na wa mvinje hakuwa na shughuli na msindano. Miche ikazidi kuwa manjano. Mingine ikafa.

Na hapo ndipo maneno yakaanza. Mama mkwe wangu ndiye aliyeyaleta nyumbani kwanza. Aliketi jikoni, akanitazama mikono, akasema, "Hiyo mikono imeshika udongo wa yule Mswahili?"

"Mama, ni udongo tu."

"Udongo tu? Mtu anasafiri hadi pwani kuleta udongo, huku milima yote hii ni udongo? Watu wa pwani wana mambo yao. Aliuleta, akaunyunyiza, miche ikaanza kufa. Wewe una mimba, Nakunda. Kesho husogei kule."

Nilikuwa na mimba kweli, ya kwanza. Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Nilikwenda kazini kesho yake, lakini kila nilipoingiza vidole udongoni, mtoto akitulia kidogo tumboni nilikuwa nasimama na kusubiri acheze. Akicheza, naendelea. Akichelewa, jasho linanitoka. Niliijua kazi ya Saidi kuliko mtu yeyote pale, na bado nilikuwa na hofu. Hofu haiulizi umejifunza nini.

Mkutano ukaitishwa. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi, na siku ile hatukuwaangusha wanaotusema. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi misindano mbele ya wakubwa wake wilayani, na miaka ile mradi wa kijiji ukishindwa neno hujuma halikuwa mbali. Nadhani naye alikuwa halali usingizi. Akamsimamisha Saidi, akamwuliza, "Mzee, waambie wananchi. Ndani ya gunia kuna nini?"

Saidi akajibu, "Udongo wa kwetu."

Watu wakaguna. Bwana Miti akasimama kueleza. Maskini, alieleza vizuri, lakini alipofika kwenye kuvu, mzee mmoja wa nyuma akauliza kama ni yuleyule anayeozesha mahindi ghalani. Bwana Miti, ambaye hakuzoea uongo, akasema ni ukoo mmoja. Basi, ikawa kelele. Kumbe amekiri! Wameleta uozo, wameutia kwenye mizizi! Nilisimama kusema kwamba hata mashamba yetu yamejaa kuvu na tunakula mahindi kila siku. Mama mkwe akanivuta kanga kutoka nyuma na kusema kwa sauti ya kusikika, "Keti. Unamtafutia balaa mtoto aliye tumboni."

Mwenyekiti akatoa uamuzi. Saidi apewe muda hadi masika. Mvua ikianza na miche ikiwa ya kijani, mambo yameisha. Ikiwa bado manjano, aondoke kijijini.

Bwana Miti alikwenda Arusha kumwuliza mwalimu wake, akarudi mbio. Msindano, alisema, unataka kuvu wa msindano. Tutafute misindano ya zamani, tuchote udongo chini yake. Milima yetu haikuwa nayo mingi, lakini juu kabisa, karibu na kanisa la zamani, ilikuwepo michache iliyopandwa na wamisionari. Mwenyekiti akakubali lipigwe baragumu la msaragambo, watu wote watoke kubeba udongo. Mnajua msaragambo ulivyo kwetu. Baragumu likilia, hata mwenye mguu mbovu anatoka na jembe, kwa sababu asiyetoka atasemwa hadi wajukuu zake.

Baragumu lililia asubuhi ile, likalia tena. Hakuja mtu. Tulisimama njiani sisi watatu, Saidi, Bwana Miti na mimi na tumbo langu, tukisikiliza mlima ulivyo kimya. Katika maisha yangu yote sijasikia tena baragumu likakosa mtu. Saidi alitupa kikapu chake begani, akaanza kupanda.

Niwaambie namna ya kuchota, maana mnakosea. Usichimbe chini sana. Fagia majani makavu yaliyo juu, chukua tabaka linalofuata, jeusi, lenye nyuzi nyeupe na harufu ya uyoga. Chota chini ya mti ulio hai. Usiuanike juani, usiukaange kwenye bati kama mnavyofanya kuua magonjwa, maana utaua na wema. Ufunike kwa majani mabichi, ufike kitaluni siku hiyohiyo. Ukitia majivu mengi au mbolea ya dukani kwa wingi, kuvu hana kazi tena, atakataa kuingia. Tulishuka na kupanda hadi vikapu vikatutoboa vichwa, na tukamaliza matuta yote.

Kisha kusubiri. Ninyi mna haraka, sisi tulikuwa na haraka zaidi. Kila asubuhi nilikuwa nang'oa mche mmoja kuona kama mizizi imeanza kugawanyika kama panda, ambayo ndiyo dalili yenyewe. Bwana Miti naye, bila kuniambia, anang'oa wake. Saidi naye, bila kutuambia, anang'oa wake. Siku tuliyogundua tulicheka hadi machozi, halafu tukaona tuta zima la mbele limebaki mapengo. Miche ilikuwa inakufa kwa kutazamwa. Saidi akapiga marufuku, akasema atakayeng'oa tena atamchapa kwa upawa. Ndiyo maana nawakataza.

Mvua ilikuja mapema mwaka ule. Wakati mwingine wowote ningefurahi. Nilisikia matone juu ya bati, nikakaa kitandani na kulia. Nilijua miche bado ni manjano. Hapa na pale palikuwa na mmoja wenye kijani kidogo moyoni, lakini lazima uinamie ili uone, na hakuna mtu ambaye angeinama.

Walikuja siku ya pili ya mvua, mwenyekiti mbele. Na ndani ya siku mbili zile, wajukuu zangu, uyoga ulikuwa umeota. Mdogo, wa kahawia, miguu myembamba, umejaa kwenye matuta katikati ya miche. Bwana Miti alipouona aliruka. Alimshika Saidi mabega, akawa anamtikisa, "Wameingia! Mzee, wameingia! Hawaoti hivi mpaka wawe wameshika mizizi!" Naye Saidi anacheka, kofia imemdondoka matopeni.

Watu waliokuwa nyuma ya mwenyekiti waliona kitu kingine. Waliona uyoga usiojulikana umetoka mahali palipomwagwa udongo wa pwani, na waliona mwenye udongo anacheka. Mama mkwe wangu alipiga ukelele, akaingia kwenye matuta, akaanza kuukanyaga. Nilimshika mkono, akajichomoa. Bwana Miti alipiga kelele kwamba hii ndiyo dawa yenyewe, huu ndio uponyaji, na kila alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kurudi nyuma. Mwenyekiti alitazama miche. Akauliza kwa upole, "Ni ya kijani?"

Saidi aliinama, akaiokota kofia yake matopeni.

Saidi aliondoka kwa basi lililofuata. Alikuwa na mfuko mmoja. Kabla ya kushuka alikwenda nyuma ya kitalu, akakaa kwenye kaburi la Bi Mwanaidi. Sikumfuata. Nilimwona tu akipangusa tope kwenye shina la mvinje kwa kiganja.

Miche ikawa kijani. Ilianza tuta la mwisho, lile ambalo mama mkwe alilikanyaga kuliko yote. Bwana Miti alisema kwa kukanyaga alisambaza vumbi la uyoga na kusaidia kazi. Sikupata moyo wa kumwambia mama, ingawa miaka mingi nilitamani. Mvua zilikuwa bado zinaendelea, baragumu likapigwa, na safari hii walitoka wote. Mteremko ukapandwa. Mwanangu akazaliwa salama, mikono mizima, na mama mkwe ndiye aliyempokea.

Mwenyekiti aliniita siku moja. Alizungukazunguka na habari za mvua, mwishowe akasema, "Yule mzee, mwambie kazi ipo." Hakusema samahani. Naamini lilikuwa limemfika hadi kwenye meno, likakwama hapo.

Nilishuka tambarare, mtoto mgongoni, na mche mmoja wa msindano kwenye gamba la mgomba. Niliutunza njia nzima kama yai. Saidi alikuwa amerudi kwenye mkonge. Nilimkuta kwenye mstari, amekonda, mikono imechanika. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Huyo ndiye?" Akamtazama mtoto, akamshika kidole. Kisha akauliza habari za kaburi, nikamwambia nalipalilia. Kisha nikampa mche.

Alifungua gamba polepole, akasogeza udongo kwa kucha, akaiona mizizi iliyogawanyika kama panda, na soksi nyeupe kwenye ncha. Alitazama muda mrefu. Nilimwambia mteremko mzima ndivyo ulivyo, nikamwambia mwenyekiti amesema arudi, kazi ipo, kila mtu sasa anajua. Nilizungumza kwa haraka kwa sababu niliona usoni kwake kwamba sitashinda.

"Msindano umekubali kule," alisema, "kwa sababu tuliuletea udongo wa kwao. Tuliupanda mlima, tukaubeba kichwani. Mimi nikirudi, binti, mtaniletea nini?"

Mtoto alianza kulia mgongoni. Saidi akairudishia mizizi udongo wake, akalifunga gamba kwa fundo lile alilonifundisha, akanikabidhi mche. Akaniambia niufikishe kwenye maji kabla jua halijapanda, na nifanye upesi nisije nikaachwa na gari la Same.